Filamu iliyopigwa kwetu Uru inatoka Jumamosi, na mimi naombea umeme ukatike

Admin, ficha jina langu na la ukoo wetu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, naishi na bibi mzaa baba hapa Uru. Mimi siyo mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa swali sauti inakwama, lakini kwenye karatasi naweza. Na kabla hamjaanza na "muombe Mungu, mdogo wetu", nimeshaomba. Hayo naomba mniachie.

Miaka miwili iliyopita watu wa filamu walikuja kutoka Dar. Walitafuta mtu wa kuwageuzia maneno ya Kiswahili kuwa Kichagga, mwalimu wangu akanitaja. Nilijaza madaftari mawili. Dairekta, kaka mmoja mwenye kofia asiyeivua hata akiingia ndani kwa watu, alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza, "Na wewe unaandika nini?" Nilijisikia kama nimekuwa mtu. Ndipo nikamsimulia ugomvi wa nyumbani kwetu.

Bibi yangu na Bibi Mdogo, mjane wa mdogo wake babu, wamepakana vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye nyumba na migomba, na hawasalimiani tangu nikiwa darasa la kwanza. Bibi Mdogo anadai Bibi alisogeza mstari wa masale, mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, akameza migomba yake minne. Bibi anaapa hakugusa hata jani. Kesi iko baraza la kata.

Dairekta akapenda. Akasema anataka tukio la wazee wawili wanaopatana, na atawatumia haohao. Bibi ndiye atoe jani la isale. Kwa msiojua habari za kwetu: jani la isale, mmea uleule wa mpakani, ndilo tunaloombea msamaha. Anayetoa ni mwenye kosa, na anayepewa haruhusiwi kukataa.

Bibi aligoma. "Nimpe isale huyu? Nimemkosea nini? Mkimaliza kucheza nyie mtarudi kwenu, mimi nitabaki na huo mpaka!"

Dairekta akanivuta pembeni. "Mdogo wangu, ongea naye. Jua linazama. Halafu jina lako tunaliandika mwishoni, kubwa kabisa."

Nikarudi kwa Bibi, nikamwambia kwa Kichagga, "Bibi, haya ni mazoezi tu. Kamera haijawashwa."

Ilikuwa imewashwa. Taa yake nyekundu niliiona kwa macho yangu.

Bibi akalifunga jani fundo, akampa, akasema "nisamehe" kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Bibi Mdogo akalipokea kwa mikono miwili, huku uso ameuelekeza kwenye kamera. Yeye hakudanganywa na mtu.

Tangu siku hiyo nasubiri. Filamu imeahirishwa mara tatu, na kila mara nilifurahi halafu nikalia, kwa sababu jamani, nami naitaka. Maneno yale ni yangu. Nilikesha nikichagua neno moja moja. Sasa ndani ya daftari la Baiolojia nimechora siku zilizobaki kama mfungwa. Shuleni wananiita "Staa". "Staa, tutakuona lini?" Natamani wote wapate homa siku hiyo.

Wiki iliyopita dairekta ameandika kwenye ukurasa wao kwamba tukio la isale ndilo moyo wa filamu, na kwamba itaonyeshwa kwanza hapahapa, ukumbi wa parokia, bure. Nilimwandikia nikamsihi alitoe. Akanijibu, "Mdogo wangu, sanaa lazima iume kidogo. Bibi alikubali mwenyewe." Iume nani? Wewe utalala zako Masaki, huko Dar. Kofia yako hiyo ioze kichwani.

Juzi nilikutana na Bibi Mdogo bombani. Nikamwamkia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwandishi." Ameshashona kitenge kipya cha kwendea ukumbini. "Wazee wa baraza nimewaambia shahidi wangu yuko njiani, wanamsubiri. Unamjua?"

Nikainama kufungua bomba.

"Unamjua. Mwambie bibi yako avae vizuri, atatazamwa na wengi." Akacheka, akajitwika ndoo yake akaondoka wala halikumwagika hata tone.

Wazee wa baraza watakuwepo ukumbini. Wataona Bibi anatoa isale na kuomba msamaha kwa mdomo wake. Nani atauliza kuhusu mazoezi? Migomba itaondoka, ila siyo hilo linaloniumiza. Ataitwa mwizi wa mpaka, mtu aliyeshika msimamo wake miaka yote hiyo, na aliyemfikisha hapo ni mimi, kwa ajili ya jina langu kwenye ukuta.

Bibi hajui. Yeye anaamini ataonekana akipika kiburu tu. Habari za huyo shahidi zimemfikia, ila anadhani ni mtoto wa Bibi Mdogo anayekuja kutoka Dar, na ananiambia, "Mwache aje, uongo una miguu mifupi." Kila akisema hivyo mimi natoka nje kwenda kukata majani ya ng'ombe, hata kama yapo.

Nikimwambia sasa, hataenda, lakini filamu itaonyeshwa tu na yeye hatanitazama tena. Nikienda barazani kusema nilidanganya, nitasimama mbele ya wazee wote kwa sauti hii isiyotoka, na Bibi Mdogo ataniita mtoto aliyefundishwa uongo na bibi yake.

Leo asubuhi Bibi amesema Jumamosi tukae mstari wa mbele. Macho yake hayaoni mbali siku hizi. "Mjukuu wangu, wewe utanieleza kila kitu kinachopita pale. Wengine wataniongopea."

Nikamwambia, "Sawa, Bibi."

Zimebaki siku nne. Nishaurini, nimwambie nini, na nianzie wapi?