Somo la Masikio la Mwalimu Gichovi

Mwalimu Gichovi alivaa koti jeupe la maabara hata alipokwenda sokoni Manyatta kununua sukuma wiki. Maabara yenyewe ya shule yetu ilikuwa na vichomeo viwili na chura mmoja kwenye chupa, aliyekufa kabla sisi hatujazaliwa, lakini ukimsikia Mwalimu akisema "sisi wanasayansi" ungedhani dunia nzima inasubiri kauli yake. Alizaliwa mjini, mtaa wa Majimbo, mtoto wa karani, na alichokichukia kuliko vyote ni kumwuliza mtu asiyesoma swali lolote.

Mwaka wa 1993, tukiwa kidato cha nne, alitufundisha DNA. Nimpe haki yake: mwanzoni alifundisha vizuri. Alichora ngazi iliyosokotwa kama kamba, akasema imo ndani ya kila seli ya mwili, na kila mtoto hupewa nusu na baba, nusu na mama. Kisha akatutuma nyumbani tukachunguze ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio. Je, inaning'inia au imeshikana na shavu?

Tukarudi na majibu. Nyanya zetu karibu wote walikuwa na ndewe za kugusa mabega, naye Gichovi akaandika ubaoni kwamba jeni la kuning'inia lina nguvu ya ajabu hapa Embu. Jeni! Wanawake waliotogwa masikio wakiwa wasichana, wakatiwa vijiti tunduni, kila kimoja kinene kuliko cha jana, hadi nyama ikavutika! Hata nyanya yake mwenyewe alikuwa nazo. Tulijua, lakini tulinakili kimya, waoga sisi.

Halafu akafika kwa Mukami, niliyekuwa nikiketi naye deski moja. Ndewe zake zilining'inia. Za mama yake zimeshikana. Za baba yake zimeshikana pia.

"Haiwezekani," Gichovi alisema huku akitabasamu. "Kitabu kinasema wazazi wa kushikana hawazaangi mtoto wa kuning'inia. Mukami, enda uulize mama yako vizuri. DNA haidanganyangi."

Darasa likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, na mpaka leo naona haya.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Kufikia jioni habari ilikuwa imefika kituo cha majani chai, ambako Rwamba, baba yake Mukami, alikuwa akingoja kupimiwa majani yake. Akaenda nyumbani moja kwa moja, akamwuliza mkewe Peninah mtoto ni wa nani. Tangu hapo akawa anakula kwa ndugu yake. Jumapili, tulipotoka kanisani, Mukami aliniambia mama yake amekwisha kufunga nguo zao kwenye gunia, anangoja tu kufukuzwa.

Jumatatu Rwamba akaja shuleni kutaka uthibitisho wa mwanasayansi, Peninah nyuma yake. Gichovi alifurahi kupata kielelezo kilicho hai. Akamsimamisha Rwamba mbele yetu, akalishika sikio lake kwa vidole viwili. Vidole vikasimama.

"Mzee, hii kovu ni ya nini?"

"Nilishonwa," Rwamba alisema. "Nilikuwa nimetogwa, ndewe ndefu. Watu wa misheni wakakata, wakashona, ndio nibatizwe."

Gichovi akakohoa. "Basi sampuli ndio ilikuwa na shida," alisema, bila kumtazama Mukami. Neno samahani halikuwamo katika silabasi yake.

Rwamba naye akacheka kama mtu aliyempata ng'ombe wake aliyepotea. "Mama Mukami, umesikia? Maneno imeisha. Twende nyumbani."

Peninah hakusogea.

"Mwalimu alikuwa hajui," alimwambia mumewe. "Lakini wewe, hiyo sikio si ni yako?"

Mukami akakusanya vitabu vyake, akatoka na mama yake. Rwamba akabaki pale mbele yetu, amelishika sikio lake.