Mkono Usiopinda

Juzi, kwenye vyuma chakavu pale Mpemba, niliona mashine ya kumenyea kahawa, na vidole vyangu vikasisimka.

Alasiri moja ya utoto wangu, huko Igamba, kiganja changu kilinaswa kati ya pipa linalozunguka la mashine ya kijiji na mkono wa chuma ulioshikilia pipa hilo. Kahawa mbivu ilinukia utamu uliochacha. Nzi walitua usoni mwangu, nami sikuthubutu kujitikisa. Baba aliingiza mtaimbo, akakaza mpaka mtaimbo wenyewe ukapinda.

“Mkono huu haupindi,” akamwambia mama. “Dawa yake ni kuuvunja.”

Mama alinitazama. “Basi uvunje, baba Tumaini. Kijiji nitakijibu mimi.”

Nilipiga yowe, nikidhani wameuhukumu mkono wangu. Nyundo ikashuka. Kumbe ni mkono wa mashine! Ukapasuka kama chungu, na kiganja kikatoka kimechubuka tu. Sikujua bado kwamba chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ni kigumu lakini hakikubali kupinda. Kikizidiwa, huvunjika ghafla.

Msimu ule kijiji kizima kilimenya kahawa kwa vidole. Mama alitangulia kuketi kila asubuhi, na wenzake wakaketi naye bila kumuuliza neno.