Soya ya Mbegu

Nilipokuwa bado mtoto, kwetu Shari, mjini Bunia, bustani ya nyuma ya nyumba ilikuwa ya Tate. Ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yake baba, aliyekuja kutoka Gety na mbegu zake za soya. Kila mavuno alitenga zilizo nzuri, akazichanganya na majivu ndani ya kibuyu, akakining'iniza juu ya moto jikoni. Hizo hazikuliwa. Wa kwanza kuonja soya ya mbegu, alituambia, hataishi kuona mavuno yanayofuata. Tulimwamini, kama tulivyoamini kwamba moto unaunguza.

Kisha vita vikafika mtaani kwetu. Tulikimbia, na tuliporudi nyumba ilikuwa tupu. Kilibaki kibuyu tu, cheusi kwa moshi, ambacho hakuna aliyekitamani. Mdogo wangu Neema alikuwa amevimba miguu na uso. Ilikuwa bwaki, ugonjwa wa watoto waliokosa chakula cha kuwajenga mwili. Hakulia tena, hata kwa njaa. Mama alikishusha kibuyu, akaweka kikaangio motoni, akamimina soya.

"Acha! Ile iko mbegu," Tate alisema.

"Mama, mutoto anaisha. Tukipanda, nani atakula?"

"Na wa kwanza kula akuwe uyu mutoto? Unasikia yenye unasema?"

Mama aliendelea kukoroga, machozi yakimtoka. Tate alimtazama Neema kwa muda, kisha akavuta kiti chake karibu na moto.

"Leta hapa. Mi ndo nitaanza. Meno ilibakia mbili tu, lakini itaweza."

Alitafuna punje moja, akameza. Ndipo mama akatwanga zile zilizokaangwa, akapika uji. Siku zilivyopita Neema alianza tena kulia, kwa hasira, na nyumba nzima ikacheka kwa kelele ile.

Kibuyuni ilikuwa imebaki konzi moja. Tate aliipanda mwenyewe. Maganda yalikuwa bado mabichi alipopata homa, na dawa hazikupatikana mjini. Tulivuna bila yeye.

Leo mimi ni mwalimu. Wanafunzi wakiniuliza, nawaambia kwamba mbegu haiui mtu. Aliyemchukua bibi yangu ni homa. Naamini hivyo kabisa. Lakini Tate hakuamini hivyo. Kwake ile punje ilikuwa na kifo ndani, na aliitia mdomoni akijua, ili mjukuu wake aikute imeshakuwa chakula tu.