Nondo wa Baridi na Sahani ya Mgeni

Miaka ile ya baada ya vita, nilipokuwa mwalimu Temeke, nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, Mzaramo, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa baharia katika meli za Ulaya. Habari za kijana huyo zilikuwa zimekatika tangu mvua za vuli. Kila kipepeo alipoingia ukumbini, mama yule aliamini kuwa mgeni yu njiani, akapika wali wa ziada na kuufunika kwa kawa. Majirani walimcheka: "Leo mgeni wako ana mabawa mangapi?"

"Manne," alijibu, "na hana umbea."

Mimi sikuziamini ishara hizo, na hata leo siziamini. Lakini niliiheshimu subira yake kuliko haraka ya kaka yake, aliyefika alasiri moja na mikeka ya kuazima msikitini, akitaka matanga yakaliwe. Kumzika kwa maneno mtu ambaye hakuna aliyeiona maiti yake ni utovu wa adabu.

Nilikuwa barazani nikitayarisha somo. Katika sanduku langu la kioo alikuwamo kipepeo wa msitu wa Pugu, mweusi mwenye mistari ya buluu inayong'aa, na kando yake nondo wa Uingereza niliyepewa na mkaguzi mmoja wa shule aliyestaafu: wa kijivu, mwenye madoa kama gome la mti.

"Huyu maskini naye ni kipepeo?" mama aliuliza.

"Ni jamaa yake, mama. Wetu hujionyesha juani. Huyu hujificha, na kwao ardhi huganda kwa baridi."

"Sasa baridi hiyo huipitisha wapi?"

"Kabla hajaota mabawa hujifunga ndani ya ganda, chini ya udongo, miezi mingi. Ukimfukua utadhani amekufa. Joto likirudi, hutoka."

Akamgeukia kaka yake. "Na watu wa huko humkalia matanga?"

"Dada, huyo ni mdudu!"

"Na mwanangu yuko kwenye baridi hiyo hiyo. Rudisha mikeka ya watu."

Kaka alinitupia jicho kali, akajitwika mikeka.

Masika yalipokwisha, kijana aliingia uani amevaa koti zito la kijivu. Kifua kilikuwa kimemlaza hospitali huko ugenini muda wote ule. Siku hiyo hakuna kipepeo aliyeingia, wala wali wa ziada haukupikwa. Mama alilia, akajifuta kwa kanga, kisha akaiondoa sahani iliyokuwa mbele yangu.

"Utanisamehe, mwalimu," akasema, akamwekea mwanawe.