Siku Niliyovua Buibui Bustanini

Mimi haya sina tena, zote niliziacha bustanini siku ile, mbele ya akina mama wa heshima, watalii wawili na askari mwenye filimbi, kwa hivyo sikilizeni, chekeni mmalize, kisha asiniulize mtu tena.

Ilikuwa miaka ya themanini na kitu, masika ndiyo kwanza yamepungua, na ile bustani kubwa ya mjini kwetu Malindi imechanua mpaka harufu yaifikia barabara. Mimi nilikuwa naposwa. Kijana mwenyewe alikuwa mwalimu kule Lamu, nimemwona mara mbili tu, na nasema wazi, nilimtaka, nilimtaka hata chakula kikawa hakinishuki. Mamake, Bi Zuhura, akasafiri kuja kunitazama (ingawa akina mama hawa hawasemi wamekuja kutazama mtu, wao husema wamekuja kutembea tu), na Shangazi akaamua tumpeleke bustanini, ayaone maua naye apate kuniona mimi.

Sasa alasiri ile nguo zangu karibu zote ziko kambani, mbichi, maana masika hayakaushi kitu, na gauni moja lililokauka lilitaka pasi, na pasi ilitaka makaa, nami nikaona uvivu. Nikajiambia, kwani nani ataona? Si kuna buibui? Nikajifunga kikoi cha kaka yangu, nikavaa na jezi yake ya mpira, ile nyekundu yenye namba tisa mgongoni, juu nikajitanda buibui langu, nikajiona mjanja. (Mjanja! Kila nikikumbuka natamani kujizaba kofi.)

Na mwanzoni mambo yalikwenda uzuri, ndilo linaloniudhi hilo! Nikampa Bi Zuhura shikamoo yake, nikamshika mkono penye tope, nikamjibu polepole kila alichoniuliza, mpaka nikamsikia akimwambia Shangazi, "Huyu ana adabu, wallahi. Mwanangu kaona mbali."

Hapo ningenyamaza nikatulia ningekuwa mke wa mtu. Lakini tulipofika penye asumini, kichaka kimejaa maua meupe, Bi Zuhura akavuta pumzi, akasema, "Mashaallah, hizi ningezipata nikatunga kikuba cha usiku, ningelala na harufu kifuani." Basi mimi huyo, mbio, nikajitosa kuchuma. Kwetu asumini la jirani mtu hupita akachuma na hakuna anayemwita mwizi, kwa hivyo sikuwaza lolote (kibao cha kukataza kuchuma maua kilikuwapo, kikubwa kama mlango, nimekipa mgongo). Nachuma natia ndani ya buibui, nachuma natia, nikaona matawi ya ndani ndiyo yenye nyingi, nikaingiza mkono mpaka begani, kumbe humo majani yameshonwa pamoja, ni nyumba ya majimoto, wale chungu wekundu wasiojua mzaha.

Wakapanda mkono. Nikavumilia, nikatabasamu. Wakafika kwapani. Nikavumilia kidogo, machozi yananitoka.

"Walia nini, mwanangu?" Bi Zuhura akauliza.

"Ni furaha, mama," nikasema.

Kisha wakafika mgongoni, na kwa mgongo sina furaha ya kudanganyia. Nikapiga ukelele, nikalivuta buibui kichwani, likakwama, nikazunguka nalo kama mtu aliyefungwa guniani, nikakanyaga maua ya serikali, nikalivua, nikalirusha, asumini zikamwagika kila upande, nami nikabaki nimesimama katikati ya bustani na kikoi na jezi, najipiga mwenyewe.

Filimbi ikalia. "Wee namba tisa!" askari akapaza sauti toka langoni. "Toka hapo kwa maua!"

Watalii wakapiga makofi, sijui walidhani ni ngoma yetu. Shangazi alinifunika kwa mtandio wake, hajui alie au anipige. Bi Zuhura hakucheka. Heri angecheka! Aliinama, akaokota buibui langu, akalikung'uta chungu mmoja mmoja, akanipa, akasema tu, "Pole, mwanangu," kwa sauti ya kumpa pole mtu aliyefiwa.

Siku tatu baadaye salamu zikaja: msichana ni mzuri, watu wake ni wema, ila mtoto wao ni mpole, apenda utulivu. Nikajifungia chumbani nikalia siku mbili, na kaka yangu asiye na huruma akabisha mlango kuulizia jezi yake.

Mwaka uliofuata mwalimu akaoa, na bibi harusi alikuwa wa hapa hapa Malindi, jirani yetu, kwa hivyo ilinibidi niende. Nilijishonea gauni la hariri, nikalipiga pasi mara mbili, nikatia na petikoti mpya, na hadi leo siendi hata dukani kununua chumvi bila kuvaa kamili chini, joto na liniue. Ukumbini wanawake wote wakavua mabuibui yao, wakaonyeshana magauni. Bi Zuhura akaniona, akanipungia mkono, akaniita, "Vua, mwanangu, ukae raha!"

Nami nikakaa na buibui langu mpaka pilau likaisha.