Hadubini Yangu na Ngamia wa Mwalimu Rukia

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya msingi kule Griftu, mwalimu mkuu alinikabidhi ufunguo mmoja na kuniambia nisiupoteze. Ulikuwa wa kabati la vifaa vya sayansi. Ndani mlikuwa na vipimajoto viwili, mizani ya chuma na hadubini, chombo cha kukuzia vitu ambavyo jicho peke yake haliwezi kuviona. Niliufunga ufunguo kwa uzi nikauvaa shingoni, na kwa miaka mingi sikuuvua ila wakati wa kuoga.

Nyinyi mnaofundisha sekondari msingi leo mnaambiwa mwanafunzi atazame kwanza, aulize, ndipo aelezwe. Sisi tulianzia kwenye kueleza. Niliandika ubaoni, darasa la saba likanakili, na aliyenakili vizuri alipita mtihani. Wangu walipita. Nikienda sokoni watu waliniita Maalim wa Sayansi, nami nilipunguza mwendo ili niitwe tena.

Ndipo akaja Rukia, binti wa Garissa mjini, ametoka chuoni juzi tu. Alipewa darasa la sita. Wiki ya pili aliwapeleka watoto soko la mifugo, wakakaa karibu na ngamia waliolala, wakaandika kila mmoja ameelekea wapi. Basi. Daftari zao zilikuwa na safu mbili, moja ya "Nimeona", nyingine ya "Nadhani". Walirudi kila siku ya soko mpaka wakakubaliana kwamba jua la asubuhi likianza kuwaka, ngamia aliyelala hulielekezea kichwa au mkia, lakini halielekezei ubavu.

Mfugaji mmoja mzee alinisimamisha njiani. "Maalim, mimi nimezaliwa katikati ya ngamia, hiyo najua," akasema. "Lakini kwa nini, hakuna mtu alikuwa ananiuliza. Leo mtoto mdogo ananiuliza." Alikuwa na furaha kweli. Mimi nilirudi nyumbani. Hakuna mzazi aliyewahi kunisimamisha kunisimulia jambo la darasani kwangu.

Rukia alikuja kuniomba vipimajoto. Alisema watoto wamepata nadharia tete, yaani wazo ambalo bado halijapimwa, kwamba ngamia hufanya vile ili jua limpige mahali padogo. Nikamwambia vifaa vya serikali havitoki nje. Havikuwa vimetumika tangu muhula uliopita.

Hakubishana. Alitafuta mitungi miwili ya maji, ile ya plastiki ya manjano, akaelekeza mmoja ubavu kwenye jua, na mwingine upande wake mwembamba. Baada ya saa mbili maji yakamiminwa kwenye beseni mbili. Msichana mmoja alifungwa kitambaa machoni, akatumbukiza mkono huku na huku, akasema yapi yana moto zaidi. Yalikuwa ya mtungi uliolielekezea jua ubavu. Nilikuwa dirishani nikisikiliza.

"Tumemfunga macho," Rukia aliwaeleza, "ili jicho lisiuambie mkono cha kusema."

Nilitamani neno lile liwe limetoka kinywani mwangu.

Muhula huo mkaguzi wa shule wa wilaya alitutembelea. Nikaitoa hadubini, nikaweka ngozi nyembamba ya kitunguu, nikachora seli ubaoni. Watoto walipanga foleni, kila mmoja akainama, akachungulia, akaenda kuchora. Picha zilipendeza. Mkaguzi naye akainama, akakaa hivyo kwa muda, kisha akamwita mtoto wa kwanza na kumuuliza ameona nini humo.

"Seli, mwalimu."

"Hebu tazama tena."

Mtoto akatazama. Akanigeukia mimi kwanza, ndipo akasema ni giza. Kioo cha chini kinachokusanya mwanga kilikuwa kimeelekea ukutani, na darasa zima lilikuwa limechora picha ya ubaoni. Mkaguzi hakunigombeza. Alikwenda darasa la sita, akakaa huko mpaka kengele ya chakula.

Jioni hiyo niliandika barua kwamba Mwalimu Rukia huwapeleka wasichana sokoni na kuwaacha peke yao miongoni mwa madalali. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili.

"Umeliona hili kwa macho yako?"

"Nimeliona," nikasema. Sikuwa nimeona kitu.

Kwa barua ile Rukia alihamishiwa Elwak, mpakani, mbali zaidi na mama yake aliyekuwa mgonjwa Garissa. Siku ya kuondoka aliniletea daftari za watoto akaniomba niendelee nao. Nilizifungia kabatini.

Baadaye nilifundisha Hagadera, kisha Garissa, nikafika kuwa naibu wa mwalimu mkuu. Mwaka wangu wa mwisho kazini tuliitwa kwenye mafunzo ya mtaala mpya, na mkufunzi aliyesimama mbele alikuwa Rukia. Alianza na ngamia. Walimu vijana waliinama mbele kumsikiliza, nami, mtu mwenye mvi, nikahesabu ni wangapi wamewahi kunisikiliza hivyo.

Wakati wa chai nilimfuata nikamwambia barua ile niliandika mimi, na ilikuwa uongo. Aliendelea kukoroga chai yake.

"Mwandiko niliutambua siku niliyoonyeshwa barua," akasema. "Mama alifariki mimi nikiwa Elwak, Maalim. Sijui unataka nikuambie nini."

Akaingia ndani kuendelea na kazi.

Kabla ya kustaafu niliandika barua nyingine ofisi ya elimu, nikakiri, nikampelekea Rukia nakala. Sasa niko nyumbani. Watu wanadhani mwalimu mstaafu hukumbuka wanafunzi wake. Mimi humkumbuka zaidi mwalimu mwenzangu, na bado hunichoma nikisikia akisifiwa.

Mwezi uliopita alinipigia simu kutoka Wajir kusema nakala imemfikia. Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa mwalimu kuliko mimi, tangu wiki ile ya pili, na kwamba nililijua. Badala yake nikamuuliza kama mvua imefika kwao.