Buibui Waliohamishwa Ukoo

Nikiwa mdogo, mama alizoea kunituma mafuta ya taa dukani Kanazi. Mwenye duka alikuwa na faneli ya bati inayovuja, basi nilirudi nyumbani nanuka kuliko taa yenyewe, hata mbuzi wananikimbia. Sijui kwa nini nimeanzia huko. Labda kwa sababu neno faneli nililijulia dukani. Shuleni niliishia darasa la tatu.

Haya. Mwaka juzi tulimzika baba, hapa kwetu Izigo. Matanga yalipoanuliwa, ukoo ukakaa uani kugawa kibanja, shamba lake la migomba na kahawa. Mdogo wangu alikaa pembeni. Yeye ndiye aliyemuuguza baba, na kahawa ile yote aliipogoa yeye. Lakini kwa sura hakufanana na yeyote kwetu, na maneno ya chini chini yalikuwepo tangu mama yu hai. Baba alikuwa akiyazima. Sasa hayupo, na siku ile ndiyo ilikuwa ya kujua kama mdogo wangu atapewa migomba au ataambiwa yeye si wa kwetu.

Tukawa tunamngoja baba mkubwa, mkuu wa kikao, amalize pombe yake ya rubisi. Binti yangu, aliyesomea wadudu chuoni (mwenyewe husema buibui si mdudu, mimi nimekubali), akatuonyesha utando kwenye nyasi, umezama katikati kama faneli, mwenye nyumba kajificha ndani.

"Huyu ana binamu zake Australia, wenye sumu ya kuua," nikasema. Nilisikia redioni.

"Si binamu, baba. Wale meno yao yanashuka kama jembe, ya huyu yanabana kama koleo. Faneli zinafanana, ukoo mbali. Tena hao wa Australia waliwahi kuwekwa kwenye ukoo mwingine. Walipopimwa vinasaba wakatolewa, wakapewa ukoo wao."

Neno ukoo alilitamka oluganda, kwa Kihaya, ili wazee waelewe. Laiti angesema kwa Kiingereza chake tusielewe! Chuoni huenda ni neno la kupangia buibui. Kwetu ndilo linalokupa shamba na mahali pa kuzikwa.

Mdogo wangu akauliza taratibu, "Na hao waliotolewa, walikuwa wamejenga vibaya?"

"Hapana, baba mdogo. Walijenga vizuri tu. Ila faneli si ukoo."

Maskini binti yangu, alikuwa anajibu swali la buibui tu.

Baba mkubwa akafuta mdomo. "Waitu, jamani, mmemsikia msomi! Basi tuanze kupima na humu, tusije tukampa buibui kibanja."

Wakacheka. Hata wanawake jikoni walicheka, nao hawakusikia kilichosemwa. Nikatafuta neno la kusema, la Kihaya, la Kiswahili, lolote. Mpaka nalipata, kicheko kimekwisha na watu wameinamia vikombe.

Mdogo wangu alikuwa ameshainuka. Akapangusa nyasi kwenye suruali. "Asante, mwanangu," akamwambia binti yangu, "nimejifunza."

Akapita katikati ya mibuni, akashika njia ya ziwani. Hajarudi mpaka leo.